Kumwona Mtu Kabla ya Jezi

Mwaka 2005 Mark Levine na wenzake wa Chuo Kikuu cha Lancaster, Uingereza, walichapisha jaribio ambalo shabiki yeyote wa Kariakoo angelielewa bila kufafanuliwa. Wanafunzi waliokuwa mashabiki wa Manchester United waliitwa mmoja mmoja, wakajaza fomu kuhusu mapenzi yao kwa timu, kisha wakaelekezwa waende jengo la pili. Njiani, kijana aliyekuwa akikimbia aliteleza, akaanguka, akashika kifundo cha mguu huku akilia kwa maumivu. Alikuwa amepangwa. Kilichobadilika kati ya mwanafunzi mmoja na mwingine ni nguo ya kijana huyo: jezi ya Manchester United, jezi ya Liverpool, au fulana isiyo na nembo. Alipovaa ya Manchester United, wanafunzi 12 kati ya 13 walimsaidia. Alipovaa ya Liverpool walikuwa 3 kati ya 10. Kwa fulana tupu, 4 kati ya 12.

Jaribio likarudiwa, safari hii kwa fomu nyingine. Haikuuliza habari za United. Iliuliza raha ya kuwa mpenzi wa soka, timu yoyote ile. Mashabiki wa timu ileile, na kijana akaanguka vilevile. Mwenye jezi ya United alisaidiwa na 8 kati ya 10, na mwenye jezi ya Liverpool, yule aliyepitwa kana kwamba hayupo, akasaidiwa na 7 kati ya 10. Ila mwenye fulana tupu aliambulia wawili tu kati ya tisa. Mpaka ulikuwa umesogea, ukamwingiza shabiki wa Liverpool na kumwacha nje asiye na timu.

Mwongozo huu umesimama juu ya jambo hilo: mpaka kati ya sisi na wao husogea, na yanayousogeza mengi yanajulikana. Umeandikwa kwa mwalimu wa darasa, mwenyekiti wa kikoba, meneja anayeajiri, admini wa kundi la WhatsApp la ukoo, na yeyote ambaye akisema neno, watu kadhaa hulishika.

Usianze kwa kuwasaka wabaya

Kosa la kwanza la wengi wanaotaka kupambana na ukabila au udini ni kuwatafuta wakabila na wadini. Kikao kinaitishwa, lawama zinatolewa, kila mmoja anaapa kwamba si yeye, na watu wanaondoka wamenuna. Wala hawadanganyi sana. Upendeleo wa kundi haungoji moyo mbaya.

Aliyelionyesha hilo waziwazi ni Henri Tajfel, Myahudi aliyezaliwa Poland mwaka 1919. Vita ya Pili ya Dunia ilimkuta Ufaransa, akaingia katika jeshi la nchi hiyo, na mwaka 1940 akatekwa na Wajerumani. Kambini alihesabiwa kuwa Mfaransa. Lau ingejulikana kuwa ni Myahudi wa Poland, haielekei angetoka hai. Aliporudi alikuta karibu jamaa zake wote wameuawa. Baadaye, akiwa profesa Bristol, aliuliza swali ambalo kwa mtu wa maisha yake halikuwa la kitabuni tu: ni kitu kidogo kiasi gani kinachotosha kumfanya mtu ambague mwenzake?

Matokeo aliyoyachapisha mwaka 1970 yalihusu wavulana wa miaka 14 na 15 waliokuwa wakifahamiana. Katika jaribio moja walionyeshwa picha za wachoraji wawili, Paul Klee na Wassily Kandinsky, kisha kila mmoja akaambiwa yumo katika kundi la waliompenda huyu au yule. Ukweli ni kwamba waligawanywa kwa bahati nasibu. Hakuna aliyejua wenzake katika kundi ni nani, na hakuna aliyegusa fungu lake mwenyewe. Waliombwa tu wagawe senti chache kati ya wenzao wawili ambao hawakujua ni nani, mmoja wa kundi lao na mmoja wa kundi lile. Wakapendelea kwao. Jambo la ajabu zaidi ni kwamba, walipoweza kuchagua mgao ambao ungewapa wote zaidi, wengi walivutwa na ule uliopanua pengo. Waliona heri wa kwao apate pungufu, mradi yule mwingine apungukiwe zaidi.

Kwa hiyo mwalimu anayegawa darasa kuwa kundi la Meru na kundi la Kilimanjaro, na akayaacha hivyo mwaka mzima, ameshaunda sisi na wao kabla ya kushika chaki. Si lazima aache kugawa. Watoto hujifunza vizuri wakiwa makundi. Abadilishe makundi kila baada ya wiki chache, ili aliyekuwa mpinzani wa hesabu awe mwenza wa sayansi. Ofisini ni hivyohivyo: idara ya mauzo na idara ya uhasibu zisizobadilishana watu zitaanza kusimuliana ubaya hata kama wote wametoka kijiji kimoja.

Uliza kinachogombaniwa

Pamoja na hayo, kupendelea kwenu ni kitu kimoja na kumchukia mwingine ni kingine. Ili ujue lini cha kwanza huzaa cha pili, tazama mpaka wa Zambia na Malawi. Ulichorwa na wakoloni, ukawakata Wachewa na Watumbuka, wengine huku na wengine kule. Mtafiti Daniel Posner alifanya kazi katika vijiji vinne vilivyo karibukaribu pande mbili za mpaka, akachapisha matokeo mwaka 2004. Lugha na mila ni zilezile. Lakini upande wa Malawi Wachewa na Watumbuka walitazamana kwa wasiwasi, wakisitasita kuoana na kupigiana kura; upande wa Zambia waliishi kama washirika. Maelezo ya Posner hayakutaja tabia ya kabila lolote. Malawi ni nchi ndogo, na kila moja ya makabila hayo ni kubwa kiasi cha kumbeba mwanasiasa hadi juu. Nchini Zambia yote mawili ni madogo; huko mwanasiasa hufaidika zaidi akiwakusanya wote kuwa watu wa Mashariki.

Swali la kujiuliza, basi, kabla ya kuchapisha mabango ya amani, ni nani anapata nini watu hawa wakigombana.

Mara nyingine jibu ni kura, na mara nyingine ni kitu cha kushikika kabisa. Desemba 2000, katika kijiji cha Rudewa Mbuyuni wilayani Kilosa, watu 38 waliuawa katika mgogoro wa wakulima na wafugaji. Chini ya mgogoro wa namna hii kuna ardhi ya bonde yenye unyevu, ambayo mfugaji anaihitaji kiangazi na mkulima anaitaka kwa mazao, pamoja na mamlaka zinazochelewa au kukataa kuamua. Damu ikishamwagika, habari za bonde husahaulika na watu huanza kuelezana kwa tabia: wale ni wakali, wale ni wajanja, ndivyo walivyozaliwa. Kenya nayo ilipoteza zaidi ya watu 1,100 na wengine wapatao 600,000 wakahama makwao baada ya uchaguzi wa Desemba 2007. Katika Bonde la Ufa manung’uniko ya ardhi yalikuwapo miaka mingi kabla ya kura hizo kuhesabiwa. Semina ya upendo haipimi mipaka ya shamba. Ukiwa kiongozi mahali penye ugomvi wa kweli wa maji, njia au malisho, maliza huo kwanza, au angalau uonekane unaumaliza. Mafunzo ya kuvumiliana yatafuata.

Sera za muda mrefu nazo zina mkono wake. Mwanauchumi Edward Miguel alilinganisha Busia, magharibi mwa Kenya, na Meatu, Tanzania, wilaya mbili za vijijini zenye mchanganyiko wa makabila. Huko Busia, kadiri eneo lilivyokuwa na makabila mengi, ndivyo michango ya shule ilivyopungua. Huko Meatu hakuuona uhusiano huo. Yeye aliihusisha tofauti hiyo na miaka ya kujenga utaifa Tanzania: Kiswahili shuleni, mitaala, kuondolewa kwa machifu. Sensa ya Tanzania iliuliza kabila kwa mara ya mwisho mwaka 1967. Wilaya mbili hazithibitishi kila kitu, na Tanzania ina ubaguzi wake wa aina nyingine, lakini mwenyekiti wa kamati ya shule anaweza kuokota kitu hapa: orodha ya michango ikibandikwa ukutani kwa madarasa badala ya koo au vijiji, hakuna kabila linaloonekana limekwepa.

Jisikilize unavyoeleza kosa

Hapa kazi inahamia kwa msomaji mwenyewe. Mwaka 1974 Donald Taylor na Vaishna Jaggi waliwapa Wahindu kusini mwa India visa vifupi: muuza duka amempunja mteja au amemtendea wema, mpita njia amekaribishwa ndani wakati wa mvua au amefungiwa mlango. Mwenye duka alipokuwa Mhindu na akatenda wema, washiriki walisema ndiyo tabia yake. Mhindu huyohuyo alipokosea, walitafuta sababu ya nje. Kwa Mwislamu mpango uligeuka: jema lake lilitafutiwa sababu ya nje.

Sikiliza kijiweni. Bodaboda wa mtaani kwenu akigonga mtu, barabara ilikuwa mbovu, au kijana alikuwa hajalala. Akigonga aliyekuja juzi kutoka mkoa mwingine, “hawa watu ndivyo walivyo.” Zoezi ni jepesi nalo linaudhi: kila unapotaka kueleza kosa la mtu wa kundi lingine, weka jina la kaka yako mahali pake, kisha uone kama maelezo yako bado yanasimama. Na ukishindwa kutaja watu watatu wa kundi hilo wanaotofautiana wao kwa wao, mmoja mpole, mmoja mchoyo, mmoja mcheshi, basi unachokijua ni uvumi kuhusu watu hao. Wao wenyewe hujakutana nao.

Lugha iangaliwe mapema zaidi kuliko watu wanavyodhani. Redio RTLM ya Rwanda iliwaita Watutsi mende kabla na wakati wa mauaji ya kimbari ya 1994. Nchini Kenya, Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ilitoa mwaka 2022 orodha ya maneno ya chuki ya kuepukwa kuelekea uchaguzi, na “madoadoa” lilikuwamo, neno ambalo lina historia ya kuwataja waonekanao wageni katika eneo kama uchafu wa kusafishwa. Admini wa kundi la WhatsApp hahitaji sheria ya bunge. Mtu akiwaita wengine wadudu, madoa au ugonjwa, futa ujumbe siku hiyohiyo na umwandikie aliyeutuma faraghani. Usingoje kuona kama alikuwa akitania.

Utani wenye masharti

Kuhusu kutania, Waswahili wana hazina ambayo vitabu vingi vya saikolojia havina. Watani kama Wapare na Wachaga, au Wazaramo na Wanyamwezi, hutukanana hadharani bila mtu kushika panga, na kwenye msiba mtani ndiye anayechukua kazi ngumu, kelele na vichekesho vyake vikiwapunguzia wafiwa uzito. R. E. Moreau, mtaalamu wa ndege aliyekuwa akifanya kazi Amani, Usambara, aliandika kuhusu utani wa Tanganyika katika miaka ya 1940. Aliona kwamba uhusiano huo mara nyingi uliota mahali ambapo makabila yalipigana zamani au yalipokutana katika njia za misafara. Adui na mgeni walipewa nafasi rasmi ya kusema ovyo, pamoja na wajibu wa kuzikana.

Yanga, iliyoanzishwa 1935, na Simba, iliyoanzishwa 1936, huitwa watani wa jadi kwa mantiki hiyohiyo. Matusi ya mashabiki wao, Jangwani na Msimbazi, ni makali, lakini siku moja baada ya mechi watu hao wamekaa benchi moja wakinywa kahawa.

Lakini utani una masharti, na hapo ndipo ofisi nyingi zinapokosea. Lazima pande zote mbili ziweze kujibu. Lazima pawe na wajibu unaoambatana nao. Na aliye nje ya mkataba haguswi. Bosi anayemtania mhudumu kuhusu kabila lake hafanyi utani, kwa kuwa mhudumu hawezi kumrudishia. Wafanyakazi saba wanaomcheka mmoja wa dini tofauti, wakisema ni mzaha tu, wangeona ukweli wa jambo kama siku moja kila mmoja wao angejikuta peke yake mbele ya saba. Ukitaka utani udumu kazini, chunguza nani hucheka na nani hutabasamu kwa adabu.

Kuwakutanisha ni kazi, si tafrija

Ushauri unaotolewa haraka mno ni “wakutanisheni tu.” Gordon Allport aliuwekea mipaka tangu 1954: kukutana hupunguza chuki pale watu wanapokuwa na hadhi sawa, wana lengo moja, wanasaidiana kulifikia, na wakubwa wanaunga mkono. Thomas Pettigrew na Linda Tropp walipokusanya tafiti 515 kutoka nchi 38 mwaka 2006, waliona kwamba kukutana husaidia kwa kawaida hata pale masharti yote yasipotimia, ila husaidia zaidi yanapotimia.

Kisa kinachosimuliwa mara nyingi ni cha Muzafer Sherif katika hifadhi ya Robbers Cave, Oklahoma, mwaka 1954. Wavulana 22 wa miaka kama 11 waligawanywa kuwa makundi mawili, wakashindanishwa kwa zawadi za medali na visu vya mfukoni, na mara wakaanza kuchomeana bendera na kuvamiana mabwenini. Kuwalisha pamoja hakukusaidia, walirushiana chakula. Kilichosaidia ni kukosekana kwa maji kambini, tatizo lililopangwa na watafiti, kisha lori lililogoma kuwaka, ambalo wote walilivuta kwa kamba ileile waliyokuwa wameshindana kuivuta. Wakati wa kurudi nyumbani waliomba wapande basi moja.

Kisa kisichosimuliwa sana ni cha mwaka uliotangulia. Sherif alijaribu kambi kama hiyo katika jimbo la New York, lakini huko wavulana waliachwa wawe marafiki kwanza, ndipo wakagawanywa. Hawakukubali kugombana hata walipochokozwa, wakaanza kuwashuku watu wazima, na jaribio likavunjika. Kwa mtafiti ilikuwa hasara. Kwa mwalimu mkuu wa shule ya bweni inayopokea wanafunzi kutoka kila upande wa nchi, ni ratiba ya wiki ya kwanza: urafiki uanze kabla ya mashindano ya mabweni.

Ujue pia kikomo. Nchini Iraq, Salma Mousa aliandaa ligi ya soka kwa Wakristo waliofukuzwa makwao na kundi la ISIS, baadhi ya timu zikiongezewa wachezaji Waislamu. Kwa matokeo aliyoyachapisha 2020, Wakristo wa timu zilizochanganywa walikuwa tayari zaidi kumpigia Mwislamu kura ya tuzo ya uungwana uwanjani na kufanya mazoezi na Waislamu miezi sita baadaye. Lakini wema huo haukuvuka kwa urahisi kufika kwa Waislamu wasiowajua: kwenda kula Mosul, mji wenye Waislamu wengi, kwa mfano, hakukuongezeka. Anayepanga bonanza la vijana wa misikiti na makanisa asijidanganye kwamba mechi moja imemaliza kazi. Apange na mechi ya ugenini, mahali wenyeji ni wale wasiofahamika.

Utaratibu unashinda nia njema

Katika kuajiri, usiutegemee moyo wako hata kama unauamini. Marianne Bertrand na Sendhil Mullainathan walituma maombi ya kazi karibu 5,000 Boston na Chicago, sifa zikifanana na majina yakibadilishwa. Majina kama Emily na Greg yaliitwa kwa asilimia 50 zaidi kuliko majina kama Lakisha na Jamal. Afrika Mashariki, ambako jina la ukoo hutaja kabila na jina la kwanza hutaja dini, hatari iko wazi. Yape maombi namba na ufunike majina. Andika vigezo kabla ya kufungua bahasha. Waulize wote maswali yaleyale, na kila msaili aandike alama zake kabla ya majadiliano, asije akafuata mdomo wa mkubwa. Sheria ya Kenya ya mwaka 2008 inakataza taasisi ya umma kuwa na zaidi ya theluthi moja ya wafanyakazi kutoka jamii moja. Hata mwenye biashara ndogo anaweza kujipima kwa kipimo hicho kila mwisho wa mwaka.

Watu humtazama nani

Huenda huwezi kubadili wanachoamini watu, lakini unaweza kubadili wanachodhani kinakubalika. Elizabeth Levy Paluck alifuatilia wasikilizaji wa Musekeweya, mchezo wa redio wa Rwanda ulioanza kurushwa 2004 kuhusu vijiji viwili vyenye uhasama. Baada ya mwaka mmoja imani zao binafsi hazikuwa zimebadilika sana. Kilichobadilika ni mtazamo wao juu ya jinsi watu wanavyopaswa kuishi, pamoja na matendo. Vikundi vilipopewa redio kaseti na betri za kutumia kwa pamoja, waliosikiliza Musekeweya walijadiliana wao kwa wao namna ya kuvitunza. Waliosikiliza mchezo wa afya walielekea kumwachia kiongozi wa eneo.

Ndiyo maana kimya cha mwenyekiti kina uzito. Kauli ya kibaguzi ikitolewa mkutanoni, na yule anayeheshimiwa asiseme neno, vijana huhesabu kwamba imepita. Sentensi fupi inatosha: “Hapa hatusemi hivyo, tuendelee na ajenda.” Hotuba ndefu humpa msemaji jukwaa la pili.

Mambo ni magumu zaidi pale anayesema ni mjomba au shangazi. Kumkosoa mkubwa mbele ya watu ni kumvunjia heshima, na akishavunjiwa atalishikilia neno lake hata kama hakuwa na hakika nalo. Mfuate nyumbani siku nyingine, msalimie kama kawaida, keti. Muulize alikutana wapi na watu hao mara ya kwanza, na nini kilitokea. Msikilize hadi mwisho bila kumkatiza. Kisha mwulize kama yeye mwenyewe aliwahi kufika mahali akahukumiwa kwa kabila, dini au lafudhi yake kabla hajafungua mdomo. Wazee wengi wana kisa cha namna hiyo, nao hukisimulia vizuri. Baada yake msimulie cha kwako, au cha rafiki yako wa kundi hilo. Joshua Kalla na David Broockman walipima mazungumzo ya aina hii nchini Marekani kuhusu wahamiaji wasio na vibali. Mabadiliko hayakuwa makubwa, ila yalikuwapo bado walipopima tena baada ya miezi minne. Mazungumzo yaliyobaki na hoja pekee, bila kusimuliana, hayakuonyesha badiliko lolote.